Umeme wa frigo katika gari la safari: rele ya ufunguo au betri ya pili?

Mtu anayetoka Lubumbashi alfajiri kuelekea Kasenga, akiwa na frigo ya lita 40 nyuma ya gari, na anayekusudia kurudi siku ya tatu na samaki wa mto Luapula wangali wagumu kwa baridi, ana swali moja la kujibu kabla hajanunua hata mita moja ya waya: injini yake itakaa imezimwa saa ngapi mfululizo huku frigo ikitakiwa kufanya kazi? Mafundi wengi wa mjini huanza na swali jingine, yaani mteja ana pesa kiasi gani, na matokeo yake huwa kifaa cha bei kubwa kuliko kinachohitajika, au waya mwembamba uliochomekwa mahali usipostahili. Hapa ninalinganisha njia ambazo mwenye gari la porini anaweza kuzitumia kuipa frigo umeme unaowaka na kuzimika kwa utaratibu, nikizipima zote kwa kipimo hicho cha saa.

Tuanze na mlaji mwenyewe. Frigo yenye kompresa, iwe ya lita 35 au 50, hula takriban ampea 4 hadi 5 za volti 12 kompresa inapozunguka, kisha hunyamaza, kisha huzunguka tena. Usiku wa Juni, ambapo Lubumbashi hupoa sana kwa kuwa mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kompresa inaweza kuzunguka robo tu ya muda. Mchana wa Oktoba, mvua zikiwa bado hazijaanza na gari likiwa limefungwa vioo juani, inaweza kuzunguka zaidi ya nusu. Kwa wastani wa siku nzima tukadirie ampea-saa 30 hadi 45 (ampea-saa moja ni ampea moja inayoliwa kwa saa moja). Visanduku vya bei nafuu visivyo na kompresa ni jambo jingine kabisa: vinakula ampea 4 au 5 bila kupumzika, na vinashusha joto nyuzi 20 hivi tu chini ya hewa iliyovizunguka, kwa hiyo katika gari lenye nyuzi 40 ndani, samaki watakaa katika nyuzi 20. Sitavitaja tena.

Upande wa pili wa mizani kuna betri. Ile ya kawaida ya kuwashia injini, ya ampea-saa 70 hadi 90, imetengenezwa ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja, na ikizoezwa kushuka hadi nusu, sahani zake nyembamba za risasi huharibika haraka. Ikiwa imejaa na kupumzika husoma volti 12.7, ikifika nusu husoma 12.2 hivi; ikisoma 12.0 imebaki na kidogo sana, na injini ya dizeli katika asubuhi ya baridi huhitaji zaidi ya hicho kidogo. Usiku mmoja wa saa 12 huondoa ampea-saa 15 hadi 20, nazo betri nzima yaweza kuzivumilia. Usiku wa pili bila injini kuwashwa hauvumiliki. Mpaka kati ya njia rahisi na njia za gharama umepita hapo hapo, kati ya usiku wa kwanza na wa pili.

Njia ambayo karibu kila mtu huanza nayo ni kuchomeka frigo katika tundu la kiwashia sigara. Haina gharama, haihitaji fundi, na katika magari mengi ya Kijapani hujizima yenyewe ufunguo unapotolewa, hivyo betri hubaki salama. Kwa safari ya Likasi, kilomita 120 hivi za lami, inatosha, na sioni sababu ya kumfanya mtu atoboe gari lake kwa ajili ya chupa sita za maji. Ubaya wake huonekana lami inapokwisha. Plagi ile hushikiliwa na chemchemi ndogo tu, na kwenye barabara ya udongo iliyojikunja makunyanzi hujisukuma nje kidogo kidogo hadi inagusa kwa ncha. Mguso mbaya huzaa joto, na joto huzidi kuuharibu mguso. Tena waya uliomo nyuma ya tundu hilo haukuwekwa kwa ajili ya mzigo wa siku nzima, na fizibu yake, kama tunavyoiita fyuzi huku kwetu, mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya redio. Niliwahi kuchomoa plagi ya namna hiyo njiani tukirudi kutoka Kasenga, baada ya saa tatu za mitikisiko: ncha yake ilikuwa ya kahawia, plastiki iliyoizunguka imelainika kama ubani uliotafunwa, na taa ya kijani ya frigo ilikuwa ingali inawaka, kwa sababu taa huhitaji umeme kidogo mno, ilhali kompresa ilikuwa imenyamaza zamani. Samaki tuliwala jioni hiyo hiyo, wote, pamoja na majirani.

Anayeliacha tundu la sigara kwa kawaida huhamia kwenye waya wa moja kwa moja kutoka nguzo chanya ya betri hadi nyuma ya gari, kupitia fizibu, pamoja na swichi ya mkono mahali dereva anapoifikia. Umeme wake ni mzuri zaidi, na frigo haijali kama ufunguo umo au haumo. Tatizo lake ni kwamba swichi ya mkono inamtegemea mtu aliyechoka, aliyefika saa nne usiku, anayefikiria bukari, yaani ugali, na kitanda. Wauzaji watasema kwamba frigo ina kinga yake yenyewe, na ni kweli: nyingi zina viwango vitatu, cha chini, cha kati na cha juu, na katika kiwango cha juu hujikata volti zinaposhuka hadi 11 na kitu. Lakini ukizirudia takwimu za hapo juu utaona kwamba betri inayosoma hivyo, hata tukikubali kwamba sehemu ya upungufu ni ya mzigo wa kompresa na ya urefu wa waya, imekaribia mno mahali ambapo dizeli hukataa kuwaka. Kinga ile huiokoa betri isife kabisa. Haimwahidi mwenye gari kwamba ataondoka asubuhi.

Njia ninayoiona kuwa sahihi kwa watu wengi wa hapa ni ya tatu, yaani rele inayoamriwa na kontakti ya gari, ile swichi ya ufunguo. Rele ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Waya mnene unaobeba mzigo wa frigo hupita katika miguu yake yenye namba 30 na 87, na waya mwembamba wa amri huingia katika mguu wa 86 na kutokea katika mguu wa 85 kwenda masi, yaani kwenye chuma cha gari. Sumaku hiyo hula ampea 0.15 hivi tu, kwa hiyo amri yaweza kuazimwa kutoka mzunguko wowote unaowaka pamoja na ufunguo, bila kuubebesha mzunguko huo frigo yenyewe. Mzigo unatoka betrini moja kwa moja, kama katika njia ya pili. Kumbukumbu ya kuuzima haiko tena kichwani mwa dereva.

Mahali pa kuazima amri panahitaji kufikiriwa, ingawa mafundi wengi huchukua waya wa kwanza unaowasha taa yao ya majaribio. Ukiuchukua kwenye hatua ya kwanza ya ufunguo, ile inayowasha redio, frigo hufanya kazi hata injini ikiwa imezimwa mradi ufunguo umegeuzwa kidogo, na katika magari mengi hukatika yenyewe kwa zile sekunde ambazo stata inazungusha injini, jambo ambalo ni zuri. Ukiuchukua kwenye hatua ya pili, unaofuata ni mzunguko wa injini, ambao sipendi uguswe na mtu asiyeujua, kwa kuwa kosa dogo pale huzima gari zima katikati ya barabara. Ukiuchukua kwenye waya wa alternata (jenereta ya gari inayochaji betri) unaozima taa ya betri kwenye dashibodi, frigo itawaka tu alternata ikiwa inachaji kweli. Hilo la mwisho ndilo salama kuliko yote kwa betri, lakini waya ule ni dhaifu, na katika baadhi ya magari kuubebesha hata rele ndogo huivuruga taa ya onyo. Kwa Land Cruiser ya zamani ningechagua hatua ya redio bila kusita.

Kuna kasoro moja ya rele ambayo lazima niitaje kwa kuwa imenifika. Rele nyingi za dukani zina miguu mitano, na mguu wa tano, wenye namba 87a, umeungana na 30 wakati sumaku imelala. Fundi aliyenifungia ya kwanza aliuchomeka waya wa frigo hapo. Kwa siku mbili nilishangaa frigo inayonguruma gari likiwa limelala uani na kunyamaza kila nilipowasha injini, na nikaanza kuilaumu frigo yenyewe, hadi nilipoichomoa rele na kusoma namba zilizochapwa chini yake kwa herufi ndogo kama za kwenye kibandiko cha dawa. Anayenunua na achague ya miguu minne, kosa hilo lisiwe na mahali pa kukaa.

Rele ya ufunguo peke yake ina upungufu ulio wazi: gari likizimwa, frigo nayo imezimwa. Kwa kituo cha saa moja cha kula si neno, kwani frigo iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia baridi yake kwa muda mrefu. Kwa kulala ni tatizo, na dawa yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Badala ya kuupeleka waya wa amri moja kwa moja kwenye mguu wa 86, uupitishe kwanza katika swichi ndogo ya hatua tatu. Upande mmoja wa swichi hupokea amri ya ufunguo, upande wa pili hupokea umeme wa kudumu kutoka betri kupitia fizibu ya ampea 3, na katikati ni kuzima. Mchana swichi hukaa upande wa ufunguo na dereva hana la kukumbuka; akipiga kambi usiku mmoja, huigeuza upande wa kudumu kwa kukusudia; akiiacha frigo tupu gari likiwa mjini, huirudisha katikati. Swichi hiyo haibebi frigo, inabeba ile ampea 0.15 tu, kwa hiyo hata ya bei ndogo hudumu. Jambo la kuepuka ni kujaribu kupata matokeo hayo kwa swichi mbili za kawaida zilizounganishwa pamoja, kwa sababu zikiwashwa zote kwa wakati mmoja umeme wa kudumu hurudi nyuma kuingia katika mzunguko wa ufunguo, na mtu anaweza kutoa ufunguo akakuta redio inaendelea kuimba.

Kabla sijafika kwenye betri ya pili, lazima niseme habari za waya, kwa maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Kutoka betri hadi nyuma ya Land Cruiser ndefu ni mita 5 hivi, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa mita 10. Kompresa ikivuta ampea 6, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza volti 0.7 njiani, wa milimita za mraba 2.5 hupoteza 0.4 na kidogo. Wa milimita za mraba 6 hupoteza chini ya 0.2. Maana yake ni kwamba betri yenye volti 12.3, iliyo zaidi ya nusu na haina shida yoyote, huonekana kwa frigo kama betri ya 11.6 ikiwa waya ni ule wa kwanza, na frigo iliyowekwa kiwango cha juu yaweza kujikata wakati betri bado ina kazi ya usiku mzima. Watu wengi wanaobadilisha betri kila mwaka walipaswa kubadilisha waya mara moja. Katika njia zote ninazozilinganisha, milimita za mraba 6 ndicho kipimo changu cha frigo, na 4 ndicho cha chini kabisa ninachokubali.

Na waya wenyewe uwe wa shaba kweli. Ni ajabu kulazimika kuliandika hilo kwa wasomaji wa Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba, ambao watoto wake wanalijua bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, kabla hawajajua kusoma, lakini madukani kumejaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Waya wa namna hiyo hupoteza umeme karibu mara moja na nusu kuliko wa shaba tupu wa unene ule ule, na hukatika upesi unapokunjwa kunjwa na mitikisiko. Kuutambua si kazi: menya ncha, ukwangue uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe. Uzito nao husema, kwani bunda la alumini ni jepesi mkononi hata kabla hujalifungua.

Sasa betri ya pili. Anayekwenda Kilwa au Pweto kwenye ziwa Moero, au anayepiga kambi usiku mbili tatu karibu na maporomoko ya Lofoi huko Kundelungu bila kuwasha injini, hawezi kuepuka hesabu: rele peke yake haitamfikisha. Betri ya pili huibebesha frigo betri isiyokuwa na wajibu wa kuwasha gari, na swali linabaki ni jinsi gani mbili hizo ziunganishwe wakati injini inachaji na zitenganishwe inapolala. Kuna vifaa vitatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko bei zake zinavyodokeza.

Cha kwanza ni rele kubwa inayoamriwa na ufunguo. Ni rahisi na inaeleweka, lakini huziunganisha betri mbili mara ufunguo unapogeuzwa, kabla injini haijawaka, hivyo betri ya frigo iliyochoka huvuta kutoka kwa mwenzake wakati ule ule stata inapoomba. Mafundi wengine huweka hapo rele ya stata ya gari jingine, ambayo haikutengenezwa kukaa imewashwa saa nane, nayo huungua. Sioni sababu ya kuichagua leo.

Cha pili ni rele inayosoma volti. Yenyewe haihitaji waya wa ufunguo hata kidogo: injini ikiwaka na volti za betri kuu zikapanda hadi 13.3 hivi, huunganisha. Injini ikizimwa na volti zikashuka chini ya 12.8 hivi, hutenganisha. Betri kuu hushiba kwanza, kisha ya pili. Nyingi hubeba zaidi ya ampea 100, baadhi husoma pande zote mbili, ili paneli ya jua iliyo juu ya paa iweze kuisaidia hata betri kuu, na zile zenye kitufe cha kulazimisha muunganiko zina faida ambayo mtu haithamini mpaka siku yenyewe: betri kuu ikifa porini, ya pili huwasha gari bila nyaya za kuazima. Na kifaa chenyewe kikifa, boliti mbili na kipande cha kebo huzifunga betri pamoja hadi utakapofika nyumbani, mradi ukumbuke kuzitenganisha usiku.

Cha tatu ni chaja ya kutoka betri hadi betri, sanduku la kielektroniki linalopokea volti zozote alternata inazotoa na kuzipandisha hadi kiwango ambacho betri ya pili inakitaka. Ndicho kifaa bora kwa karatasi, na kwa baadhi ya magari ndicho pekee kinachofaa. Magari mapya yenye kompyuta ya kuongoza alternata hushusha volti chini ya 13 kwenye mwendo mrefu ili kubana mafuta, na hapo rele ya kusoma volti hutengana ukiwa bado unaendesha. Betri ya lithiamu nayo huidai chaja hiyo, kwa sababu mbili: yaweza kuvuta umeme mwingi hadi alternata ichemke, na ikiwa imepumzika husoma volti 13.2 au 13.3, kwa hiyo rele ya volti haitambui kwamba injini imezimwa na haitengani. (Anayedhani kwamba betri hizo za magari ya safari zinatumia kobalti ya Kolwezi anakosea, zile zinazouzwa kwa kazi hii nyingi ni za chuma na fosfeti, na hazina kobalti kabisa.) Lakini chaja hiyo ni ya bei mara kadhaa ya rele, hupunguza kazi yake inapopata joto kwa hiyo si kitu cha kufungwa karibu na injini, haimsaidii mtu kuwasha gari kwa betri ya pili, na ikiharibika Mitwaba hakuna wa kuifungua.

Kwa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita isiyo na kompyuta ambayo imejaa katika barabara zetu, alternata hutoa volti 14 hivi wakati wote, na kwa gari hilo pamoja na betri ya pili ya risasi ya ampea-saa 100, ya aina inayovumilia kushuka, rele ya kusoma volti inashinda kwa mbali. Ukitumia nusu ya betri hiyo unapata ampea-saa 50, zaidi kidogo ya siku moja ya Oktoba na karibu siku mbili za Juni. Ubovu wa barabara hapa unatusaidia kwa namna ya ajabu: mwendo wa saa nane kwenye vumbi ni saa nane za kuchaji. Anayeteseka ni yule wa mjini, anayetoka Kampemba hadi Ruashi na kurudi, dakika ishirini ishirini, kisha anashangaa kwa nini betri ya pili haijai. Betri ya risasi iliyofika nusu hupokea sehemu kubwa upesi, lakini ile robo ya mwisho hujaa kwa saa nyingi.

Onyo moja kwa wenye magari ya dizeli kutoka Japani: betri mbili chini ya kapo, yaani boneti, si ushahidi kwamba mojawapo ni ya ziada. Katika mengi zote mbili ni za kuwashia injini, ama zimefungwa sambamba kwa volti 12, ama zinafuatana kutoa volti 24, na anayeifunga frigo ya volti 12 kwenye moja ya betri zinazofuatana ataiua betri hiyo pole pole huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi. Kipimo cha volti kiwekwe kwanza kwenye nguzo za kila betri na kati ya betri zote mbili, gari likiwa limezimwa na likiwashwa.

Fizibu na masi ni vya njia zote, na navipitia haraka. Fizibu hulinda waya, kwa hiyo hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 20 hivi, na si nyuma karibu na frigo; ya ampea 15 yatosha kwa waya wa milimita za mraba 6. Kebo inayounganisha betri mbili ina chanzo cha umeme katika kila ncha, hivyo inahitaji fizibu mbili. Masi ya frigo isitegemee skrubu iliyopigwa kwenye bati lililopakwa rangi. Irudishwe kwa waya wa unene ule ule hadi shasi, mahali palipokwanguliwa mpaka chuma kikang'aa. Mahali waya unapopenya ukuta wa injini pawekwe pete ya mpira. Na plagi ya nyuma isiwe tena ya sigara; zile za Anderson za ampea 50 hushikana hata ukizining'iniza.

Basi anayesafiri mchana na kulala penye umeme, Likasi, Kolwezi au Kasumbalesa, achukue rele ya miguu minne na swichi ya hatua tatu, aweke pesa iliyobaki katika waya mzuri, na frigo yake aiweke kiwango cha juu cha kinga. Anayelala porini zaidi ya usiku mmoja kwa gari la zamani achukue betri ya pili na rele ya kusoma volti, na frigo aishushe kiwango cha kati, kwa kuwa betri hiyo haina jukumu jingine. Mwenye gari jipya asiamue kabla ya kupima: aendeshe dakika ishirini, kisha mtu mwingine asome volti za betri gari likiwa bado linakwenda, zikibaki juu ya 13.5 rele yamfaa, zikishuka hadi 12.6 au chini yake, ni chaja au hakuna. Anayebeba insulini au kitu kingine kinachotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 asitosheke na lolote kati ya haya bila kipimajoto ndani ya frigo na vipande vya barafu vya akiba, na asiweke dawa zikigusana na ukuta wa frigo, kwa maana kuganda huiharibu insulini kama joto linavyoiharibu.

Chochote utakachochagua, jaribio lake la kwanza lifanyike uani kwako. Jaza frigo chupa za maji, endesha saa moja, egesha saa kumi na mbili jioni, na uandike volti mara mbili, kwenye nguzo za betri na kwenye plagi ya frigo, kompresa ikiwa inazunguka. Tofauti ya namba hizo mbili ikizidi 0.3, mahali pa kutafuta ni kwenye waya na viungo vyake, nawe usiitie betri lawama bado. Kisha amka saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijapasha chochote, upime tena kwenye betri ya kuwashia. Ikiwa kwa rele na swichi ya hatua tatu inasoma 12.4 baada ya usiku mzima, una akiba ya kutosha, ikisoma 12.1, usiku wako mmoja wa porini ni nusu usiku. Na ikiwa una betri ya pili, ile ya kuwashia ilipaswa kusoma 12.6 au 12.7 kana kwamba frigo haimo garini.